Mama Vizibo na Somo la Wageni

Mwalimu mkuu hakuingia darasani. Alisimama mlangoni, akanyoosha kalamu kuelekea kona ya nyuma, akasema mbele ya watoto wote, "Mwalimu, ule uchafu uondoke kabla wageni hawajafika." Kisha akaenda zake, viatu vikilia ko-ko-ko barazani, kama mtu aliyekuja kutoa salamu tu.

Uchafu! Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa ameambiwa mengi katika shule ile, lakini hilo lilimwingia mpaka kwenye mfupa. Kona yenyewe ilikuwa na meza iliyokatika mguu, imeegemezwa tofali. Juu yake palikuwa na ndoo ya rangi iliyojaa vizibo vya chupa, vibunzi vya mahindi, vifungo, kamba, maboksi yaliyokatwa yakawa pembe tatu na pembe nne, mizani ya ubao yenye kopo huku na kopo kule, na beseni la bluu ambalo ufa wake aliuziba mwenyewe kwa plastiki ya kuyeyusha, akaungua kidole gumba. Hapakuwa na kitu pale alichopewa na serikali wala na shule. Vyote alivibeba kichwani, mkononi na kwenye mkoba wake wa kanisani, vingine akiviokota barabarani watu wakimtazama na kutikisa vichwa.

Ndiyo maana wenzake walimwita Mama Vizibo. Jina lilianza kwa dhihaka katika ofisi ya walimu, likatoka nje, likaenda sokoni, mpaka wazazi wakadhani ndilo jina lake. Muuza soda wa njia panda alikuwa akimwona tu anamwita, "Mama Vizibo, njoo, wateja wako wamekunywa sana jana!" Naye alikwenda, akainama, akaokota, hana habari na mtu. Aibu ya nini? Aibu wawe nayo wale wanaomfundisha mtoto kujumlisha mpaka anamaliza shule hajawahi kushika hata kokoto kumi zikawa kumi kweli mkononi mwake.

Hasira yake hii haikuanza jana. Alizaliwa nyumbani kwa seremala, msichana katikati ya wavulana. Karakana ilikuwa uani, na kaka zake walikuwa wakiingia humo kama panya ghalani, wakigonga, wakikata, wakijiumiza, wakifunzwa. Yeye alikomea kizingitini. Akinyoosha mkono kushika randa, baba yake alikuwa akisema, "Weka chini, mwanangu. Ukikatika kidole nani atakuoa?" Alisema kwa upendo kabisa, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi, maana ukali unaweza kuukimbia lakini upendo wa namna ile unakufuata mpaka jikoni. Siku moja baba alipotoka, aliingia akaranda mguu wa kiti cha mteja ukalainika vizuri mno, ukalainika mpaka kiti kikawa kinachechemea. Baba aliporudi hakumpiga. Alicheka, akawaita majirani waje kuona, nao wakacheka. Angepigwa angesahau. Kicheko kile alikihifadhi.

Shuleni nako mambo yakawa yale yale. Mwalimu wao alichora saa ubaoni, wakaimba saa moja mpaka saa kumi na mbili, asubuhi hadi jioni, wakaimba vizuri hata mkaguzi akawasifu. Kisha shangazi yake akaja nyumbani akamwuliza, "Mama, hebu nitazamie saa pale ukutani, ni saa ngapi?" Mtoto akaitazama saa, akaona mishale inamtazama, akaanza wimbo kutoka mwanzo. Shangazi akasubiri wimbo uishe. Ulipokwisha akauliza tena, kwa upole, "Eh, sasa ni saa ngapi?" Alikuwa na alama mia kwa mia kwenye daftari na hakujua saa.

Kwa hiyo alipokuwa mwalimu aliapa kwamba mikono ya watoto wake haitakaa mapajani. Alikuwa na utaratibu wake, na kila mtoto aliyepita kwake aliujua kuliko jina la kata: kisia, jaribu, sema ulichokiona. Kwanza kisia, hata kama hujui, hasa kama hujui. Halafu jaribu kwa mkono wako. Halafu sema kilichotokea, si ulichotaka kitokee. Na aliyekisia vibaya hakuchekwa wala kuchapwa. Yeye ndiye aliyepewa zamu ya pili ya kujaribu. Matokeo yake kulikuwa na wajanja waliokosea makusudi ili washike vitu mara mbili. Mama Vizibo aliwajua wote kwa majina na akajifanya hawajui. Mtoto anayedanganya ili ajifunze zaidi, alisema, mwache adanganye.

Mwaka ule kulikuwa na binti mmoja waliyempa jina la Wakili, kwa sababu alikuwa akibishana na kila kitu chenye umbo. Alibisha kwamba kamba ya mwalimu ni fupi kuliko kamba ya kweli. Alibisha kwamba jiwe linalotumika kupimia mwalimu amelichagua mwenyewe, kwa hiyo watafutwe mawe mengine na kila mtu achague lake. Walimu wengine walimwona hana adabu. Mama Vizibo alimwona ni mshahara wake.

Sasa tumrudie mwalimu mkuu na uchafu wake.

Ofisini kwake kulikuwa na kabati la vioo. Ndani ya kabati kulikuwa na vifaa vya kujifunzia kwa vitendo, zawadi ya wageni waliopita zamani: beseni linaloonyesha mpaka chini, vipande vya mbao na vya chuma vya rangi za kupendeza, mizani ya kijani, sumaku, vipimo vya maji. Vilikuwa vizuri kweli, hakuna mwenye kubisha. Vilikuwa vizuri hata vikafungiwa, ufunguo ukaning'inia kwenye mkanda wa mkuu, visije vikapotea, visije vikavunjika, visije vikachafuka. Kila Ijumaa watoto wawili waliitwa kufuta vumbi kwenye vioo. Kitu pekee ambacho shule nzima ilijifunza kwa vitendo kutokana na kabati lile kilikuwa kufuta kioo.

Mama Vizibo alikwenda kumkabili saa ya mapumziko, chaki bado mkononi.

"Mkuu, umeviita vitu vyangu uchafu mbele ya watoto wangu."

"Mwalimu, kaa kwanza."

"Sikai."

"Basi simama, lakini nisikilize dada yangu. Wageni wanakuja kuona watoto wakijifunza kwa vitendo."

"Si ndivyo wanavyojifunza kila siku? Waje waone."

"Waone nini, vizibo? Wanataka kuona vifaa walivyotuletea. Wanataka kuona vitendo safi." Alifungua droo, akaifunga bila kutoa kitu. "Nimekupanga wewe ufundishe. Vinavyoelea na vinavyozama. Watoto wakisie, waweke majini, waseme. Utaratibu wako ule ule! Ila sitaki mtoto akisie vibaya mbele ya wageni. Kila mmoja afundishwe cha kusema. Jiwe linazama kwa sababu ni zito, ubao unaelea kwa sababu ni mwepesi, tumemaliza, makofi."

"Kwa sababu ni zito? Gogo zima linaelea mtoni, mkuu, na sindano inazama. Uzito peke yake si jibu."

"Wageni hawatakuja na gogo, mwalimu."

Angeweza kucheka siku nyingine. Siku hiyo alisogea mezani. Akamwambia hafanyi maigizo, yeye ni mwalimu. Mkuu naye, ambaye hakuwa mtu mbaya bali mtu aliyechoka, akainuka akafungua dirisha, akamwonyesha jengo la darasa la kwanza ng'ambo ya uwanja.

"Mvua ikinyesha wale wanahamia upande mmoja wa darasa kama mbuzi. Unajua. Umewaona. Wageni wakiridhika watatoa bati. Wewe unapigania vizibo, mimi natafuta bati. Sasa tufanye hivi: wewe nifanyie somo hili moja, kama nilivyosema, na kona yako nitaifunika pazia siku hiyo. Hakuna atakayeigusa, si leo si kesho. Ukikataa, inatoka, na kule nyuma ya jiko kuna shimo la kuchomea taka."

Huo ndio uliokuwa mzani. Upande mmoja somo moja tu la uongo, upande wa pili kona nzima, miaka yote ya kuinama. Akasema sawa. Alisema kwa sauti ndogo, akatoka, akagundua ameivunja chaki mkononi ikawa unga.

Nyumbani, mumewe fundi cherehani alikuwa amekaa barazani anakata kitambaa. Nyumba yao ilijaa vitu vya mkewe mpaka yeye mwenyewe alikuwa akisema ameoa jalala lenye mlango. Akamsikiliza mpaka mwisho, pini zikiwa mdomoni, kisha akazitoa moja moja.

"Mama watoto, heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Usinipe methali. Nipe shauri."

"Shauri? Mimi kuna mteja alikuja nimpime suti ya harusi. Akavuta tumbo ndani, akashika pumzi. Nikamwambia, bwana, pumua. Akasema pima hivi hivi. Nikapima hivi hivi. Siku ya harusi akapumua, vifungo vikaruka mpaka kwa mchungaji."

"Kwa hiyo nikatae?"

"Mimi nilimshonea," akasema mumewe, akarudisha pini mdomoni. "Nilitaka kazi."

Hakumsaidia kitu, na usiku ule mkewe akamgeuzia mgongo.

Mazoezi yakaanza. Watoto walifurahi mwanzoni, maana vifaa vya kabatini vilitolewa vikaletwa darasani, na wengi wao hawakuwahi kuviona bila kioo katikati. Wakavikimbilia kwa mikono yote. Mkuu, aliyekuwa amesimama pembeni, akapiga meza: hakuna kugusa mpaka uitwe jina. Akawapanga. Huyu atashika jiwe, yule ubao, huyu msumari, yule kizibo kimoja cha plastiki ambacho kilikuwa ndani ya seti na kwa hiyo hakikuwa uchafu. Kila mmoja akapewa sentensi yake. Na darasa zima likapewa kiitikio, kwamba mwalimu akiinua tu kitu wote waseme kwa pamoja kinazama au kinaelea, na kwa sababu gani.

Wakili akainua mkono.

"Mwalimu, kama tunajua jibu, tunakisia nini?"

Swali lenyewe lilikuwa lake, Mama Vizibo. Alikuwa amelibeba tangu ofisini, na sasa mtoto wa miaka minane alilitoa hadharani mbele ya mkuu. Mkuu akamtazama mwalimu. Mwalimu akamtazama mtoto. Na hasira yote aliyokuwa nayo kwa mkuu, kwa wageni, kwa bati, ikatafuta pa kutokea ikampata mdogo kuliko wote.

"Leo nyamaza, Wakili."

Hakuwahi kumwambia hivyo. Mtoto akashusha mkono polepole, akakaa, akaweka mikono mapajani. Walirudia somo siku ile, wakarudia kesho yake, na kesho kutwa, mpaka wakawa wanaitikia hata kabla mwalimu hajamaliza kuinua kitu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Walisahau kutuambia kwamba akikunjwa vibaya naye hukunjika upesi vile vile.

Wageni wakaja. Mama mmoja mwenye viatu vyeupe ambavyo alivionea huruma kila alipokanyaga uwanjani, bwana mmoja mwenye kamera, na wengine wa kujaza viti. Kona ilikuwa imefunikwa pazia la maua. Watoto walikuwa wamepakwa mafuta wakang'aa, na wenye viatu walikaa mbele ili wasio na viatu wafichike nyuma ya miguu yao.

Somo lilikwenda kama saa. Mtoto wa jiwe akasema yake, jiwe likazama. Mtoto wa ubao akasema yake, ubao ukaelea. Wakili aliitwa, akasimama wima, akasema, "Mimi nakisia kwamba msumari utazama, kwa sababu ni mzito," kwa sauti tamu ambayo Mama Vizibo hakuwahi kuisikia kutoka kwenye kinywa kile. Msumari ukazama. Makofi. Wakili hakutazama hata majini.

Kisha yule mama wa viatu vyeupe, kwa furaha yake, akainuka akachomoa kalamu kwenye mkoba. Akainyanyua juu ya beseni. "Na hii je, watoto?"

Mama Vizibo akasogelea beseni. Haikuwamo kwenye mazoezi! Itumbukize, mama, alisema moyoni, itumbukize tu, waone kitu wasichokijua. Lakini watoto walikuwa wameshaona kitu kimeinuliwa, na kwao hiyo ilitosha. Darasa zima likapaza sauti: "Inaelea! Kwa sababu ni nyepesi!"

Mama wa watu akaweka mkono kifuani. "Jamani! Wamejua hata bila kujaribu!" Akairudisha kalamu mkobani, kavu, na bwana wa kamera akapiga picha. Mkuu alikuwa anatabasamu mpaka magego yakaonekana. Mama Vizibo alisimama kando ya beseni, naye akatabasamu, kwa kuwa alikuwa amepatana na mtu, na akajichukia kwa kila jino alilolionyesha.

Kesho yake aliamka mapema na mwepesi. Alijiambia yamekwisha, deni limelipwa, kona iko salama, sasa turudi kazini. Vifaa vilikuwa vimesharudi nyuma ya kioo. Alipita sokoni akanunua machungwa, akachagua makubwa yenye maganda mazito, maana somo la kuelea na kuzama alikuwa na namna yake ya kulimaliza kila mwaka, na namna hiyo ilikuwa chungwa. Lile tunda ni zito, likikupiga kichwani utajua. Watoto wote hukisia litazama. Ukiliweka majini linaelea. Basi hapo huwa vita, kila mtu anataka kulishika, kulisukuma, kuona kama limedanganya. Halafu unalimenya, unalirudisha, na hapo ndipo vurugu yenyewe inapoanza. Kwa Mama Vizibo hiyo ndiyo iliyokuwa sikukuu ya mwaka, na hakuna aliyemfundisha. Aliiona mwenyewe jikoni kwake akiosha matunda.

Alijaza maji beseni la bluu. Akavuta pazia la maua. Akawakusanya watoto wakazunguka, akainua chungwa.

"Haya. Nani anakisia?"

Hakumaliza. "Linazama!" likaja lile jibu, sauti moja, safi, vichwa vimeinuliwa. "Kwa sababu ni zito!"

"Vizuri, mmekisia. Sasa tujaribu." Akaliachia. Chungwa likaingia majini, likaibuka, likaanza kuzunguka taratibu katikati ya beseni, zima na ganda lake, karibu na mikono yao. "Haya, semeni mlichokiona."

"Linazama! Kwa sababu ni zito!"

Akadhani hawajaona. Akawasogeza karibu zaidi. Mtoto mmoja pua yake ilikaribia kugusa maji. "Tazameni kwanza. Msikimbilie kusema. Chungwa liko wapi?"

Walilitazama. Kisha wakamtazama yeye, usoni, wakitafuta jibu pale. Wachache wakaanza kusema tena, kwa wasiwasi sasa, "linazama...", huku chungwa likigongagonga ukingo wa beseni mbele ya macho yao.

Wakili akainua mkono. Mama Vizibo karibu alie kwa shukrani. Huyu! Huyu atabisha.

"Ndiyo, Wakili. Sema."

"Mwalimu," mtoto akasema kwa heshima, "tuseme nini?"

Alitaka kupiga kelele. Kelele ilifika mpaka kwenye meno. Lakini ampigie nani? Hawa walikuwa wamefundishwa, wakafundishika. Walikuwa wameambiwa kwamba jibu haliko majini, liko kwa mkubwa anayekutazama, na aliyewaambia hakuwa mkuu peke yake. Mkuu alipanga, lakini kila asubuhi ya mazoezi ni yeye aliyesimama mbele, ni yeye aliyeinua vitu, na ni yeye aliyemwambia mtoto nyamaza. Akatoa chungwa majini, akalifuta kwa kanga yake, akawaambia wakacheze nje.

Kabla hajakaa, mkuu akatokea, furaha imemjaa.

"Mwalimu! Wamepiga simu. Wanarudi wiki ijayo na wakubwa wao. Wanataka somo lile lile, wala usibadilishe hata koma."

"Sifanyi."

"Unasemaje?"

"Nimesema sifanyi. Si lile wala jingine la namna ile."

Mkuu akatazama nyuma, akasukuma mlango ukafungika. "Tulielewana, mimi na wewe. Nilikuachia takataka zako."

"Zichukue."

"Mwalimu, usiniletee hasira za mchana. Umezipigania kama mtoto wa kuzaa."

"Zichukue, mkuu! Choma. Nilidhani nalinda watoto, kumbe nilikuwa nalinda ndoo." Sauti yake ilikuwa imepanda, na safari hii hakuishusha. "Nimewauza kwa ndoo ya vizibo. Sasa hivi nimewawekea chungwa linaelea, wakaniambia linazama. Macho yao yako pale pale! Umewahi kuona kitu kama hicho? Mtoto anaona, anakataa alichokiona, anangoja nimwambie alichokiona!"

"Na bati?" Mkuu naye alipaza sauti. "Darasa la kwanza waendelee kunyeshewa kwa sababu ya chungwa lako?"

"Wapeleke wageni darasa la kwanza. Waonyeshe tundu kwenye paa. Hilo halihitaji mazoezi."

Mkuu akaufungua mlango kwa nguvu. Akatoka. Mchana ule wafagizi wawili walitumwa, wakabeba kila kitu, na moshi ukapanda nyuma ya jiko mpaka jioni, ukinuka plastiki. Walimu walikusanyika dirishani kuangalia. Hakuna aliyemtania kwa jina la Mama Vizibo. Yeye alikuwa darasani anasahihisha hesabu, akiikandamiza kalamu kwa hasira hata alama za vema zikatoboa karatasi. Somo la wageni akapewa mwalimu wa darasa la tano, mtu wa amani, naye alilifanya vizuri. Kama bati lilitoka au halikutoka, hilo lilikuwa bado mikononi mwa wenye kuahidi.

Lililobaki ni watoto, na watoto ndio waliomtia uchungu. Alileta ndoo kutoka nyumbani. Alileta majani, mawe, vijiti, vitu visivyohitaji kona. Akiuliza nani anakisia, macho yote yanamjia usoni. Akikunja nyusi wanabadilisha jibu. Akitabasamu wanaling'ang'ania. Alijaribu kukaza uso usiseme kitu, wakausoma ukimya wake pia. Siku nyingine alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Wananisoma kama ubao," na mumewe hakufanya mzaha.

Mpaka siku moja akachukua machungwa tena, moja lina ganda, moja amelimenya. Akaweka ndoo katikati ya sakafu. Akasema, "Hili mmeliona linaelea. Hili nimelivua ganda. Sasa je? Mimi nakwenda nje, na msiniulize kitu, kwa sababu sitawajibu." Akatoka, akafunga mlango, akasimama barazani ameupa ukuta mgongo, mbali na dirisha, mahali ambapo hata mwenye shingo ndefu hawezi kumwona.

Alisikia darasa la pili likiimba jedwali la mbili. Alisikia kengele ya baiskeli barabarani. Ndani hakuna aliyekohoa. Akajikuta anang'ata ukosi wa blauzi yake, mtu mzima, akiomba asichoweza kukiamuru.

Kisha sauti moja, ndogo: "Litaelea zaidi. Si limepungua uzito?"

"Mwalimu hayupo, unamwambia nani?"

"Nakuambia wewe."

Chubwi.

Halafu benchi likaanguka.

"Limezama!"

"Halijazama, umelisukuma wewe!"

"Sijalisukuma!"

"Umelisukuma, nimekuona, mkono wako ulikuwa hapa!" Hiyo ilikuwa sauti ya Wakili, kali, inayokwaruza, haina utamu hata chembe. "Litoe! Sogea na wewe! Hakuna mtu kugusa ndoo. Ninaliachia mimi, na nyote mtazame mkono wangu."

Watoto wote wakaanza kusema kwa wakati mmoja. Mtu alilia kwamba amekanyagwa. Maji yakatoka chini ya mlango, yakafika kwenye viatu vya Mama Vizibo, naye hakuinua mguu. Mwalimu wa darasa la pili akatoa kichwa dirishani, uso umekunjamana.

"Mwalimu! Watoto wako wanapigana huko ndani!"

"Nasikia," akasema Mama Vizibo.

"Sasa si uingie uwanyamazishe?"

"Nikiingia watanitazama mimi," akasema, na akaushika mlango kwa nje.